Ukuta Uliokataliwa na Bibi

Mafundi rangi wako wengi, lakini mwenye jicho ni mimi. Nionyeshe ukuta mara moja tu, nitakuchanganyia rangi yake kwenye ndoo mpaka mwenye nyumba ashindwe kusema upi wa zamani na upi wa jana.

Ndiyo maana mtaani wananiita Jicho.

Sasa nielezeni nyie kwa nini Alhamisi moja, saa nne asubuhi, bibi wa miaka themanini na kitu aliusogelea ukuta niliopaka mimi, akauwekea kiganja, akauuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Wewe nani?"

Akasubiri jibu. Tukasubiri wote.

"Toka chumbani kwangu," akauambia ukuta.

Mimi nilicheka. Mkwe wake hakucheka.

Huyo mkwe ni nesi, mjane wa mwana mdogo wa bibi. Nyumba ya zamani ya bibi ilikuwa imeuzwa, na nesi akamchukua mama mkwe akae kwake. Wiki tatu tu, nyumba nzima ikawa haina amani.

Kumbukumbu za bibi zilikuwa zinakuja na kukatika kama mtandao siku ya mvua. Mchana anachomoka kwenda kutafuta chumba chake. Wiki iliyopita walimkuta katikati ya barabara kuu, magari yanampigia honi, yeye anayapungia mkono yapite.

Shemeji yake nesi, yaani mtoto mkubwa wa bibi, ni dereva wa lori la masafa marefu. Huyo alishatoa neno lake: Jumapili anakuja, na akikuta mama bado anatangatanga, anampeleka makao ya wazee. Yeye ndiye mwana, nesi ni mkwe tu. Hana sauti.

"Akienda kule hamalizi mwezi," nesi aliniambia Jumatatu aliponiita. "Namjua mama yangu."

Alikuwa amegundua kitu. Bibi kabla ya kulala huupapasa ukuta. Ule wa nesi alikuwa anaupapasa, anashtuka, anaondoa mkono kama aliyegusa pasi. Basi nesi akataka chumba kifanane na kile cha zamani, rangi na mguso wake.

Tatizo, hakukijua. Mkwe haingii ovyo chumbani kwa mama mkwe, kwa hiyo miaka yote aliishia sebuleni. Shemeji alipoulizwa alisema ukuta ni ukuta. Bibi mwenyewe ukimuuliza rangi gani, anakujibu, "Ya kwangu."

Kwa hiyo niende mimi. Nyumba iko tupu, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mnunuzi anaibomoa Ijumaa. Nikaitazame rangi ya chumba, nibandue kipande.

"Na uiguse," akasisitiza. "Usiitazame tu."

Akanielekeza njia, nami nikaitikia kila kona bila kusikia hata moja. Nikamwambia dada, lala usingizi, kazi imefika kwa mwenyewe.

Jumanne sikwenda.

Jua lilikuwa kali, na duka la rangi lina feni. Nikakaa pale na simu yangu, nikatafuta picha za vyumba vya kulala. Zikaja mia. Vyumba visivyo hata na kandambili chini ya kitanda. Nikapenda kimoja chenye kijani ya majani makavu, ukuta laini kama ganda la yai.

Wazee wanapenda kijani, nikajiambia. Nani kaniambia? Hakuna.

Jioni nesi akapiga simu, akaiweka sauti ya nje ili bibi naye asikie. Nikamwambia ndiyo natoka huko. Nikaongeza na chumvi: kijani iliyopauka, ufa mdogo karibu na dirisha. Alinishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Jumatano nikapaka. Alhamisi ndiyo bibi akaufukuza ukuta.

Nesi alinitazama. Nikamwambia mpe muda, atazoea.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, simu.

Bibi katoka. Nesi yuko zamu wodini, hawezi kuacha wagonjwa mpaka apate wa kumshikia. Jirani aliyeachiwa bibi alikwenda kuepua maji jikoni, akarudi akakuta kiti.

"Atakuwa amekwenda kwake," nesi akasema. "Na leo wanabomoa, Jicho. Wewe ndiye unayeijua nyumba. Kimbia."

Ningesema nini? Kwamba siijui? Nikasema nakimbia, nikakimbia. Ila nakimbilia wapi, hilo miguu yenyewe ilikuwa haijui.

Jina la mtaa nililikumbuka. Nilipofika, nyumba zote mapacha: bati lile lile, ukuta ule ule. Nikamuuliza fundi viatu nyumba ya bibi ni ipi. Akaniuliza bibi yupi. Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi. Nikauliza wanawake wawili waliokuwa wanaanika nguo. Nikaenda tena. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, nami nikajiambia, huyu mama wa watu akifa leo, nimemuua mimi na feni ya duka.

Ndipo nikasikia tingatinga.

Lilikuwa limeshakula jiko la nyuma. Vumbi limejaa, mwendeshaji kavaa viziba masikio, koleo la mashine liko juu. Na kwenye dirisha la mbele, lile nililolipita kila safari bila kuliangalia, nikaona kiganja.

Sikumbuki nilifikaje mbele ya ile mashine. Nakumbuka nimesimama chini ya koleo, mikono juu, napiga kelele ambazo mwenyewe sizisikii. Mwendeshaji akanitazama kama kichaa. Kisha akafuata kidole changu. Akazima injini.

Akashuka mbio. Alisema alizunguka nyumba nzima saa moja asubuhi, haikuwa na mtu. Akatupa dakika kumi.

Ndani bibi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta wake. Mtulivu, kama mtu anayengoja chai.

Ukuta haukuwa wa kijani.

Ulikuwa bluu. Bluu nyepesi sana, ile ya shuka jeupe lililofuliwa mara nyingi. Tena haukuwa laini hata chembe. Ulikuwa na michirizi kutoka juu mpaka chini, kama mtu aliuchana nywele. Ila sehemu moja, usawa wa kitanda, michirizi ilikuwa imelainika, inang'aa. Kiganja cha mtu mmoja, miaka hamsini.

Niliugusa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi, niliugusa ukuta kabla ya kuupaka.

"Bibi, rangi hii mlipata wapi?"

"Chokaa na bluu ya kufulia nguo. Mume wangu hakuwa na kitu kingine."

"Na michirizi?"

"Hakuwa na mwiko wa kulainishia. Alipiga na fagio plasta ikiwa mbichi." Akatabasamu. "Akaniambia ndiyo mtindo wa kisasa. Muongo yule."

Nilibandua kipande cha ukubwa wa sahani. Bibi nikambeba mgongoni mpaka nyumbani, naye njia nzima ananiambia nitembee wima.

Mchana ule ule nikaanza upya; nesi nikamwambia Jumanne kiza cha chumba kilinidanganya, naye kwa furaha ya kumpata mama akaamini. Nikaukwangua ule ukuta wangu wa ganda la yai mpaka ukaota makovu, maana plasta haishiki juu ya rangi laini. Nikapiga plasta, nikaiburuzia fagio la vijiti ingali mbichi. Ile sehemu ya usawa wa kitanda niliilainisha kwa kiganja changu mwenyewe, saa nzima, mpaka ngozi ikachubuka.

Jumamosi nikapaka chokaa. Sasa chokaa ina ujeuri wake: ikiwa mbichi haikuonyeshi sura. Mpaka jioni ukuta ulikuwa wa bluu ya kuogofya, kama sare ya shule. Nesi akasimama mlangoni, akatazama ukuta, akatazama kalenda. Afadhali angenitukana.

Jumapili asubuhi ukuta ulikuwa umekauka. Umepauka, umetulia. Niliweka kile kipande cha ukubwa wa sahani juu yake, nikakipoteza.

Saa sita lori likasimama nje.

Shemeji aliingia na begi tupu la nguo za mama yake, limeshafunguliwa zipu. Hakukaa. Alisema amekuja kumchukua, maneno yasiwe mengi, Ijumaa nusura mama azikwe na tingatinga. Nesi akamwomba jambo moja tu: amwone mama akiingia chumbani.

Bibi akaingia. Akasimama katikati. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya mlango na ndoo yangu.

Akausogelea ukuta. Akaweka kiganja.

Hakuuliza kitu. Alipanda kitandani na viatu vyake, akajilaza kwa ubavu, mkono ukapanda na kushuka kwenye michirizi, ukafika pale palipolainika, ukatulia. Macho yakafumba.

Yule jitu wa lori akaketi sakafuni. Akauinua mkono wake akaugusa ukuta usawa wa goti, mahali mtoto mdogo angefika. Kisha akalifunga begi zipu na kulisukuma chini ya kitanda.

"Abaki," akamwambia nesi. "Nitakuja kila mwisho wa mwezi kumwona."

Nesi akajifunika uso kwa kitambaa.

Hapo ningenyamaza, hadithi ingeishia pazuri. Lakini shemeji akanigeukia, akaniuliza niliwezaje, maana ana nyumba anajenga, vyumba vinne, na anataka mtu anayesoma kuta hivi.

Vyumba vinne, ndugu zangu.

Nikaweka mkono kiunoni. Nikamwambia siri ni kwenda mwenyewe, mzee. Kwamba Jumanne nilipokwenda kule nilikaa chumbani saa mbili nzima, nikiusikiliza ukuta. Ile kijani ya kwanza ni kiza cha chumba tu.

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Nesi naye akaitikia.

"Huyo?"

Sauti ilitoka kitandani. Macho bado yamefumba.

"Huyo alikuwa haijui hata nyumba yenyewe. Alipita dirishani kwangu mara tatu siku ile ya mashine, anauliza watu nyumba ya bibi ni ipi. Mtu aliyekwisha kuja kwako, atauliza mlango?"

Mtu ambaye jana yake aliniita kwa jina la mume wake. Lakini la dirishani hakulisahau.

Vile vyumba vinne alivipaka fundi mwingine. Nami siku hizi mteja akiniita, simu inabaki mfukoni. Namwomba kwanza anionyeshe anapolala, kisha naweka kiganja ukutani. Nawashauri nanyi mfanye hivyo, hata kama hamna tingatinga mlangoni.

Lakini siku ile sikuwa na ushauri wowote. Nilikuwa nimesimama na ndoo, nesi anazidi kunisogelea, na bibi, bila kufumbua macho, anamwambia:

"Mwulize na ule ufa karibu na dirisha. Kwangu hapakuwa na ufa."