Damu Isiyotulia

Talin, mtoto wa dada yangu, hakuweza kutulia hata akikaa. Msuli uliruka pajani, ukahamia kwenye kigimbi, ukapanda begani, kama panya aliyenaswa ndani ya gunia la mahindi. Tukampa dawa ya minyoo. Mchungaji akampaka mafuta, akamkemea shetani mpaka sauti ikamkauka. Shetani hakusikia.

Mwishowe Katal, mkuu wa akina mama kanisani, akamwinua kwenye benchi mbele za watu. "Binti, unatutia wasiwasi. Salia kwenu." Mwanawe Tol akamtungia jina, Mkia wa Mjusi, na kijiji chote hapa mlimani, juu ya mji wa Momostenango, kikalidaka. Msichana wa miaka kumi na mitano, hana hata wa kwenda naye kisimani! Niliwachukia wote, na sijaacha.

Nikampeleka kwa bibi Wel, mhesabu siku, anayechoma ubani na kuwauliza mababu. Wel akamshika mguu, akacheka.

"Minyoo gani! Hii ni damu inasema. Ikiruka mbele ya mwili, jambo linakuja. Ikiruka nyuma, limeshapita."

"Sitaki iseme, bibi. Nataka inyamaze."

"Itakuhangaisha mpaka uisikilize. Na ukishaisikiliza, usimdanganye mtu."

"Ndiyo niwe mchawi kabisa? Jina la mjusi halitoshi?"

Akawa anajifunza huku amenuna. Leo anakwenda, kesho ananitorokea. Siku moja nilimkuta amejifunga miguu kwa mshipi wa sketi, anailaani.

Mvua zilipokaribia kuanza, vijana waliokwenda pwani kukata miwa walirudi. Tol hakuwamo, na hakuna aliyejua aliko. Katal akaja kwa Wel mchana kweupe, kajifunika shali usoni eti asijulikane, na ule mwendo wake wa bata! Wel alikuwa hoi kwa kifua. Akamsukumia Talin mfuko wa mbegu nyekundu za kupigia ramli. "Uliza wewe."

Katal alipomwona ni nani, aligeuka kutaka kutoka. Kisha akaketi.

"Mwanangu," alisema, "niambie tu atarudi. Jumapili nitakukalisha kando yangu, watu wote waone. Hakuna atakayekuita lile jina tena. Niambie tu."

Nilimwona Talin akimeza mate. Alilitaka lile benchi jamani, alilitaka kuliko chakula. Akamwaga mbegu, akazipanga mafungu mafungu, akawa anataja siku moja moja. Miguu yake ilitulia tuli. Mara akashtuka, mkono ukaenda mgongoni, chini ya bega la kulia. Nikaelewa, na moyo wangu ukapiga kelele: danganya, mtoto! Danganya ukapumzike!

"Mama Katal," alisema, "hatarudi. Limeshapita."

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kumtoa yule mwanamke nje kwa mikono yangu. Katal akaivua shali taratibu, akaiweka mapajani. Hakuuliza kama ni kweli.

"Aliumia?"

Talin akazikusanya mbegu, zikamponyoka, akazikusanya tena. Akasogea karibu, akamshika mkono.

"Ngoja, mama," alisema. "Bado nasikiliza."