Kilalo Yenye Ilirefuka

"Kilalo ya kuvukia mayi hairefuke sawa mugomba, baba Mathe! Jana miti sitini, leo sabini na mbili?"

"Enda uulize kilalo yenyewe, mama Mathe. Miye nilipima tu. Pengine ilisikia waasi banakuja, ikajinyoosha ili ikimbie."

"Ao pombe ya kasiksi ndiyo ilikunyoosha weye!"

Maliro, ndiye baba Mathe, akashika kichwa. Mwaka ule wa 1964 waasi walikuwa wanakaribia Beni, na yeye, kapita, musimamizi mupya wa barabara, alidaiwa hesabu moja tu: miti ngapi ya garde-fou, ile ya kusimamisha pembeni ya kilalo ili batu na mbuzi basianguke mu mayi. Camion ya dereva Jumaine ingeenda kuileta toka Oicha mara moja, kisha njia ifungwe. Akitaja kidogo, kilalo itabakia na pengo sawa kinywa ya muzee. Akitaja mingi, watasema anajijengea nyumba. Kapita mwenye alimutangulia alifungwa mu cachot kwa sababu ya miti kumi na mbili!

Mita ya chuma, wazungu walienda nayo. Donc basi, Maliro alichinja mbuzi, akakata mukanda mu ngozi mbichi, toka pua yake mpaka ncha ya vidole. Kila urefu wa mukanda moja, muti moja. Jana upande wa kwanza ulitoa makumi mbili na kenda, wa pili makumi tatu na moja. Leo asubui alirudilia: makumi tatu na sita kila upande!

Emérence, mama Mathe, akachukua ule mukanda, akauweka kwa pua ya bwana yake, akauvuta. Ukaishia kwa kiganja.

"Mukono yako nayo ilirefuka?"

Maliro akaupapasa. Mukavu, mugumu sawa ubao.

"Nani aliutundika juu ya moto?"

"Ulikuwa unanuka! Nilisema niukaushe kwanza…"

"Mama Mathe! Unataka kuniua?"

"Mais hesabu ya jana basi ni sawa. Sema sitini."

"Sitini namna gani? Upande wa kwanza nilipima na umande, wa pili jua likiwaka! Ngozi ilianza kukauka mu mikono yangu. Donc ya kweli ni ile ya umande, makumi mbili na kenda mara mbili, ni…"

Mulango ukafunikwa na kivuli. Bwana Xavier, karani wa bureau, ule mutu wa Kasai, aliingia na kalamu kwa sikio.

"Maliro, camion inanguruma. Miti ngapi?"

Emérence akaukalia mukanda, Xavier asiuone.