Nilibadilisha Majina Yote, Nikausahau Mkono

Kama ningeruhusiwa kurudia siku moja tu ya kazi yangu, ningeichagua ile ambayo mhariri aliniita mezani kwake, akaisukuma mbele yangu habari niliyotoka nayo Kibaigwa, akaniambia niipe sura ya hadithi, na juu yake tuandike kwa herufi nene: KISA CHA KWELI. Nilipaswa kukataa. Nilisema, "Sawa, bosi," nikaomba karatasi. Siku hiyo imenirudia tangu Jumanne iliyopita, niliposikia kwamba mshona magunia mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, amefariki dunia. Alinipigia simu binti yake mkubwa, nikiwa hapa kwangu Miyuji nalisha kuku. "Shikamoo baba mdogo," akasema. "Baba ametutoka." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamuuliza, "Ametutoka kweli, au kwenye simu?" Binti akakata simu. Swali lile lilikuwa na sababu, nanyi wasomaji wangu mtaiona hapo mbele, lakini kwa mtu aliyefiwa lilikuwa swali la kipumbavu na kukatiwa simu nilistahili.

Ninyi ambao mahindi mnaonana nayo yakishakuwa unga, pengine hamjawahi kumfikiria mshona magunia. Sokoni Kibaigwa, gunia likishajazwa na kupimwa, lazima awepo mtu wa kulifunga mdomo kwa uzi wa katani na shazia, ile sindano ndefu iliyopinda nchani. Marehemu alishona kwa mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo mshono wake ulilalia upande wa pili, tofauti na mishono ya wenzake wote, na madereva wa malori waliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wa mkewe. Hata lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi mpaka likaota kichwa, aliifunga ikatulia. Nilipomwambia kwamba lumbesa ni kosa kisheria alinijibu, "Dhambi ni ya aliyejaza, mwandishi. Mimi ni fundi nguo, mteja akija na kitambi simfukuzi." Alikuwa mfupi, mwembamba, na kanisani aliimba besi nzito kiasi kwamba wageni waligeuka kutafuta mwenye sauti hiyo, wakamruka yeye kwa macho.

Ukweli wa kisa chenyewe ni mfupi. Mfanyabiashara mmoja alipeleka mzigo wa mahindi Dar es Salaam. Magunia yalipofunguliwa kule, juu yalikuwa mahindi, chini mahindi, katikati pumba. Dereva akakamatwa, maana kwetu kitu kikipotea safarini mwizi ni dereva. Magunia yaliyosalia, bado yameshonwa, yakarudishwa Kibaigwa kama ushahidi, wazee wa soko wakayazunguka, na marehemu akachuchumaa mbele ya mojawapo akapitisha kidole gumba juu ya mshono.

"Hili nilishona mimi," akasema, "lakini aliyelifunga si mimi."

"Unajuaje?" mfanyabiashara akamuuliza.

"Huu uzi umelalia kulia. Mimi tangu nizaliwe sijalalia kulia. Limefumuliwa likashonwa upya, na matundu yangu ya zamani haya hapa, hesabu."

Kumbe yalifumuliwa mle mle ghalani mwa mwenye mzigo kabla lori halijapakiwa, na mwenye ufunguo wa ghala alikuwa mtu mmoja tu: shemeji wa mfanyabiashara mwenyewe. Dereva akaachiwa siku hiyo hiyo. Shemeji akarudishwa kijijini kwao akafuge, na jambo likamalizwa kifamilia. Kwa hiyo mshonaji wetu ndiye aliyefumbua kitendawili, kwa kidole gumba tu.

Mhariri alisoma hayo yote akakunja uso. "Sasa shemeji huyu hatumgusi," akasema. "Mwenye ghala ananunua matangazo kwetu."

"Basi tuseme mwizi hakufahamika," nikasema.

"Kisa bila mwizi ni muhtasari wa kikao. Watu wanataka mwizi."

"Nani sasa?"

"Mtu ambaye hawezi kuja hapa na wakili. Wewe si una kipaji? Tia chumvi."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mke, na njaa ya kusifiwa. Nikatia chumvi. Nikamfanya mwizi awe mshona magunia, kwa sababu mshona magunia ndiye pekee niliyemjua vizuri kiasi cha kumchora. Nikampa kovu refu shavuni, la kubuni kabisa. Nikamwingiza ghalani kwa dirisha, ingawa ghala lile halikuwa na dirisha. Nikamfanya mwimbaji wa kwaya, ili unafiki wake umuume msomaji, nikampa sauti ya kwanza, nyororo. Na kwa kuwa nilihitaji alama ya kumkamatisha, nikaandika kwamba alijulikana kwa mshono wake wa mkono wa kushoto. Mwisho kabisa nikaweka maneno yaliyoniondolea wasiwasi wote: "Majina ya wahusika yamebadilishwa." Ni kweli niliyabadilisha yote, na nikajiona mtu mwadilifu. Sikukumbuka kwamba Kibaigwa watu hawakumjua yule bwana kwa jina. Walimjua kwa mkono.

Gazeti liliisha sokoni kabla ya saa nne. Siku ya tatu marehemu akaja ofisini kwetu Dodoma mjini, amevaa shati la kanisani, nakala kaikunja kwapani. Nilijiandaa kupigwa. Akaketi, akatandaza gazeti, akaweka kidole.

"Mwandishi, mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, ndugu yangu."

"Hapa umeandika naimba sauti ya kwanza."

"Ni... ni hadithi tu, mzee mwenzangu."

"Juu imeandikwa kweli. Mimi ni besi. Mwalimu wa kwaya ameniuliza mbele ya watu kama naimba kwingine kwa siri."

Nikacheka kwa kuona nimepona. Yeye hakucheka. Akakunja gazeti taratibu akasema, "Na hilo la wizi, wanaonijua hawatauliza. Lakini sokoni wanaonijua ni wachache kuliko wanaojua mshono wangu. Niandikie mstari mmoja tu: mwenye mkono wa kushoto ndiye aliyegundua, siye aliyeiba. Basi." Nikamwambia wiki ijayo. Nilimwambia hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Wiki ijayo mhariri akasema, "Tukikiri hiki si kweli, watauliza na vingine." Nilijua nina haki ya kung'ang'ania, na nilijua pia kwamba barua za wasomaji zilikuwa zimeanza kunijia kwa jina langu. Sikung'ang'ania. Kisa kingine kilikwishapangwa, na kingine nyuma yake. Nikawa bingwa wa visa vya kweli, na kila kisa kikawa na ukweli wa kutosha kukolezea mchuzi tu.

Kibaigwa nako wanunuzi walianza kutoa masharti: "Mzigo wangu usishonwe kwa kushoto." Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama mtu anavyokataa kiti chenye mguu mbovu. Fundi yule, ambaye malori yalikuwa yanamsubiri, akakaa chini ya turubai akiwatazama wengine wakishona, hadi alipoamua kujifunza kwa mkono wa kulia, akiwa na zaidi ya miaka hamsini. Nilimkuta siku moja akijaribu kwenye gunia kuukuu, vidole vimefungwa vitambaa. Mshono ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwake. "Naona unasoma upya," nikamtania. "Nipo la kwanza," akajibu. "Wewe ulinivusha darasa mpaka jela, nami sina budi kurudi darasa la vidudu."

Kuna mwaka fulani mahindi yaliibwa katika kijiji kingine mbali na pale, na askari mmoja mgeni akamwita kumhoji, kwa kuwa alikwishaandikwa gazetini. Marehemu alipenda kuyasimulia mahojiano yale, naye aliiga sauti zote mbili.

"Huyu wa gazetini ana kovu shavuni," askari akasema. "Wewe kovu lako liko wapi?"

"Sina, afande. Ndiyo maana nasema si mimi."

"Ulilipeleka wapi?"

"Sikuwahi kuwa nalo."

"Gazeti limesema kisa cha kweli. Unataka kuniambia gazeti linasema uongo?"

"Nataka kukuambia nina shavu, afande. Shika."

Askari akashika, akasugua kwa kidole kilicholoweshwa mate, pengine akidhani ni poda. Wasikilizaji wote walianguka kwa kicheko kila alipofika hapo, nami pia nilicheka, nikiwa mmoja wa wasikilizaji. Sasa ninapoandika ndipo ninapojiuliza ilikuwaje nikapata ujasiri wa kucheka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo. Magazeti yalipoanza kufungiwa maandazi nilidhani kisa kile nacho kimekwisha, lakini vijana wa siku hizi wana simu, na ndani ya simu wana visa vya uhalifu vinavyosomwa kwa sauti nzito na ngoma inayodunda nyuma. Mmoja wao aliokota makala yangu mahali, akaitia chumvi juu ya chumvi. Nikiwa kwa kinyozi hapa hapa Miyuji nikasikia: "Hiki ni kisa cha kweli kilichotokea mkoani Dodoma." Mwizi wangu sasa alikuwa na bastola na wanawake wawili. Kovu lilikuwepo bado, na dirisha pia. Kinyozi akasema, "Mzee, hii kitu ni kweli kabisa, ilitokea." Ningemwambia niliitunga mimi, angefikiri umri umenifika kichwani.

Jioni ile marehemu akanipigia. "Mwandishi, nimekufa."

"Unasema?"

"Nimepigwa risasi nakimbilia porini, huko Kongwa. Binti yangu kanisikilizisha kwenye simu. Nimekufa vibaya, ndugu yangu. Hata maneno ya mwisho nimepewa."

"Umesemaje?"

"Nimewaomba msamaha wakulima wote wa Tanzania." Akavuta pumzi. "Na kwa sauti ya kwanza, mshenzi wewe."

Ndiyo sababu Jumanne nilimuuliza binti swali lile.

Sitaki mtu adhani napinga hadithi. Mtu akiambiwa hadithi hutafuna kwa uangalifu, akikuta mwiba anautema. Ukimwambia ni kweli anameza pamoja na mwiba, kisha mwiba unakwama kwenye koo la mtu mwingine kabisa. Sisi waandishi wa visa vya uhalifu tulijitetea kwamba tunafundisha jamii, kwamba tunaficha majina, kwamba chumvi kidogo haiui. Lakini chumvi yangu siku zote iliangukia upande wa asiye na wakili. Shemeji wa mwenye ghala sikumpa hata kikohozi. Ninavyosikia alifuga vizuri, ana ng'ombe wengi, na ni mzee wa baraza.

Tulimzika kwao, upande wa Hombolo, pembeni ya shamba lake la zabibu. Watani wake walikuwepo, maana msiba bila watani ni mkutano wa hadhara. Mmoja akajilaza mbele ya jeneza akapiga kelele, "Hapiti mtu! Kwanza arudishe mahindi, atuachie pumba zake!" Watu wakacheka huku wanalia, kama desturi inavyotaka. Mjane hakucheka. Nami nikaona kwamba mzaha ule hawakuurithi kwa babu zao. Waliupata kwangu.

Baada ya wasifu kusomwa nikaomba nafasi. Nikasimama kwa fimbo yangu, nikasema yote: hakuiba, alifichua, alimwokoa dereva asiye na hatia, nilimgeuza mwizi kwa sababu nilitaka kusomwa, hapakuwa na dirisha, hapakuwa na kovu. Nilijitayarisha kwa hasira yao. Wakanipigia makofi. Kijana mmoja nyuma akainua simu anirekodi, na yule mtani aliyekuwa amelala akaketi, akafuta vumbi, akasema, "Haya mzee, sehemu ya pili hiyo! Tia chumvi, tia!" Uwanja mzima ukacheka. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi kwamba ni kweli. Wakacheka zaidi, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikianza siku zote.

Mjane akanivuta kanzu. "Kaa, shemeji," akasema kwa upole. "Umesema vizuri. Mwenzako aliungoja mstari mmoja tu, na wakati ule walikuwa bado wanakuamini."

Wasomaji wangu wengi hunishukuru kwa visa vile mpaka leo, na najua hata hiki baadhi yenu mtakisoma kwa ladha ile ile. Siwezi kuwalaumu. Somo langu ni la mtu mmoja na limechelewa: anayeuza uongo kwa jina la ukweli asidhani atabakiwa na ukweli wa akiba wa kutumia siku atakapouhitaji. Mimi niliuhitaji siku moja tu, kwa ajili ya mtu mmoja. Nilisimama kaburini pake nikasema kweli, wala hakuna aliyeniamini, na rafiki yangu amezikwa mwizi.