Kabureta ya Pili ya Mulumba

Kolwezi ilikuwa na Mini kadhaa, vile vigari vidogo vya Kiingereza, lakini Mulumba hakukubali ya kwake ihesabiwe pamoja nazo. Hizo, alisema, ni za kwendea sokoni. Yake ni Innocenti, imeundwa Milano, na Waitaliano waliendelea kuunda Cooper, Mini ya mbio, hata Waingereza walipoiacha mwaka 1971. Kisha alikuonyesha saa zote za dashibodi, vioo vya pembetatu vinavyofunguka na, kwa sauti ya chini kama anayeonyesha mtoto aliyelala, kabureta mbili za kuilisha injini petroli, ambapo Mini za kawaida zina moja. Kusema kweli, alichosha watu.

Alikuwa fundi wa malori kwenye machimbo ya shaba yaitwayo Mashamba. Gari aliachiwa na mjenzi wa barabara, Mwitaliano, aliyerudi kwao mwaka 1976.

Vita vilipoingia mjini, Mei 1978, wenye bunduki walichukua kila gari lililowaka. Mulumba akaifungua Mini yote na kuigawa: magurudumu chini ya makaa ya jirani yake muuza makaa, Mama Adolphine, betri kanisani, milango kwa shemeji yake. Kabureta moja alibaki nayo. Ya pili alimpa Swedi, dereva wa lori, rafiki yake wa kula naye sahani moja. Bodi tupu ikabaki uani, kuku wakalala humo.

Mapigano yalipokwisha kila kitu kilirudi, isipokuwa kabureta ya Swedi. Yeye alikuwa amekimbilia Kasongo na familia yake, na habari zake hazikufika. Mulumba akaziba kwa kuchomelea bomba la ile iliyokosekana, Mini ikatembea kwa kabureta moja, ikikohoa. Ilimuuma sana, na aliyeuliza alijibiwa, "Swedi aliuzisha." Kwa miaka saba mtaa mzima ulijua kwamba Swedi aliiuza kabureta ya rafiki yake.

Mwaka 1985 Latifa, mke wa Swedi, alishuka treni akiwa peke yake. Alifungua kitenge mbele ya Mulumba. Kabureta iling'aa kwa mafuta.

"Tata Mulumba, bwana yangu alikufa. Alikuwa anaipakala mafuta kila mwezi. Alituambia, 'Ni ya Mulumba, musiuzishe.' Hata siku bukari ilikosa, tukalala njaa, hatukuuzisha."

Mulumba alishikwa na aibu, akachukua bisibisi.

Alipomaliza kuifunga, alimwomba Latifa akae kiti cha mbele, akaendesha polepole, nyumba kwa nyumba. Injini ilinguruma vizuri, wala hakumwambia mtu asikilize. Hakutaja Milano. Kwenye kila mlango alisema, "Swedi hakuuzisha," akaenda mlango unaofuata.