Chupa ya Sajini

Bia ya kiwandani ilipoadimika Kampala, Hortense, Mkongo wa mtaa wa Nsambya, aliendelea kupika pombe yake ya ndizi, chachu ya kumkunja mtu uso, akaitia kwenye chupa tupu za bia. Kwao mpika pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue haina sumu.

Tangu wanajeshi wamchukue mumewe, Ambroise, kila Jumamosi alimpelekea sajini wa kambini chupa moja, ili tu aambiwe, "Mumeo mzima, Mama, vumilia." Na kila alipotaka kuonja, yule bwana mwenye kitambi alimpokonya chupa huku akicheka: "Acha hizo! Wewe uniue kwa kosa gani?" Kisha akaigugumia mpaka tone la mwisho, shetani yule.

Jumamosi hii hakucheka. Aliitazama chupa, akamtazama Hortense, akamrudishia.

"Leo onja wewe kwanza, Mama."

Hortense akaonja. Uchachu ulikuwa uleule wa siku zote. Akampa chupa yake, akakaza kitenge kiunoni, akaondoka bila kuuliza habari za Ambroise. Alikwisha kujibiwa.