Mgeni Asiyetaja Ukoo

Nilikwenda sekondari moja ya Kishapu kulalamika kwamba mwalimu wa biolojia anampa binti yangu kazi nyingi. Nilimkuta na mgeni mwenye tai, amemletea kitabu kinachodai viumbe vilisanifiwa na "mwenye akili".

"Huyo mwenye akili ni ng'wa nani?" mwalimu akauliza, kama Wasukuma tunavyomuuliza mgeni ukoo wake.

Mgeni akashusha sauti. "Ni Mungu, mama. Ila tukimtaja, hawataturuhusu darasani."

Mwalimu, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akamrudishia kitabu kwa mikono miwili. "Mungu wangu namtaja kanisani kwa sauti. Hapa nafundisha mageuko ya viumbe. Simpitishi kwa magendo kama dhahabu."

Malalamiko yangu nilirudi nayo nyumbani bila kuyatoa, kifua mbele kwa mwalimu aliyempata binti yangu.