Mashimo Manne ya Waziri Saliboko

Siku sakafu ya ghala ilipoporomoka, wakubwa wa kampuni hawakuuliza nani kaumia. Waliuliza nani alisimamisha miti. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, mvua za Oktoba zilikuwa zimeilowesha Kisangani kuanzia mtoni hadi kambi ya Kapalata, na Basile, mtoto wa wavuvi wa maporomoko, alikuwa amefunikwa na mbao na zege bichi, mguu wake wa kushoto umevunjika mara mbili. Waziri Saliboko ndiye aliyemchimbua kwa mikono. Alikuwa bado anamfuta zege usoni aliposikia Mzungu akisema, juu ya kichwa chake, kwamba watu weusi hawajui kufunga miti.

Hawajui kufunga miti! Aambiwe hivyo Basile, ambaye babu zake walisimamisha magogo katikati ya maporomoko, wakayafunga kwa kamba za msituni, na maji yale yote yakashindwa kuyang'oa. Kosa halikuwa la aliyefunga. Kosa lilikuwa la miti yenyewe, iliyokatwa juzi, iliyotumika jengo hili na lile, ikalala mvuani, mchwa wakaionja. Basile alikuwa amesema hivyo wiki nzima. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu miti ilikuwa ya bure na Basile hakuwa na koti.

Kwa asiyewahi kujenga, nieleze kidogo. Zege linapomwagwa ni uji mzito. Linataka mbao za kulishika mpaka ligande. Mbao hulala juu ya boriti, na boriti hushikwa na nguzo. Kazi hiyo yote mafundi wa Kisangani waliiita kofraji. Boriti ikipinda, sakafu hutoka na kitambi. Boriti ikivunjika, hutoka maiti.

Waziri alikuwa mchomeleaji katika karakana ya kampuni hiyo. Alitoka katika familia ya Kiislamu iliyokuwa pale mjini tangu siku za misafara, na kwa sababu hiyo hakusoma. Shule zilikuwa za misheni. Padri alitaka mtoto abatizwe kwanza ndipo apewe ubao wa kuandikia, na mzee Saliboko akasema mwanawe hauzwi kwa kipande cha chaki. Basi Waziri alijifundisha mwenyewe, ukubwani, kuandika kitu kimoja tu: jina lake. Aliliandika kwa chaki sakafuni mwa karakana, akalifuta kwa kiatu, akaliandika tena. Mkewe Zaina alimtania kwamba hata mahari hakuyahangaikia hivyo.

Jumapili alikwenda hospitali kumtazama Basile. Alimkuta ameketi kitandani, mguu umefungwa, anachezea njiti za ufagio.

"Ndeko, ndugu yangu," Basile akamwambia, "unaona namna siye tunasimamishaka miti kwa maji? Hatuache moja peke yake. Moja inalalia ingine, na ile ingine inasukuma ya tatu. Maji inatafuta wapi itaingilia, haione."

Akapanga njiti juu ya shuka: mbili ndefu zilale sambamba, na katikati yake fupi fupi, zikipanda na kushuka, kila moja ikiegemea mwenzake.

"Na kwa chuma itawezekana?" Waziri akauliza.

"Miye niko mutu ya miti. Chuma iko kazi yako."

Waziri alizitazama zile njiti mpaka muuguzi akaja kumfukuza.

Chuma kizuri hakuna aliyempa. Alivuka mto hadi ng'ambo, kwenye karakana ya reli iendayo Ubundu, ambako mabehewa ya zamani yalikuwa yamelala majanini yakioza. Akaomba vyuma virefu vya pembe vilivyokuwa kiunzi cha mabehewa hayo, akavikata, akavivusha. Kila kimoja kilikuwa na mashimo manne kwenye ncha moja, yaliyobaki baada ya ribiti kung'olewa: matatu yamekaa karibu karibu, la nne limejitenga umbali wa kiganja. Angependa kukikata kipande chenye mashimo, lakini chuma kingekuwa kifupi. Aliyaacha. Alihakikisha tu kwamba ncha hiyo ndiyo itakayolala juu ya nguzo, mahali ambapo boriti haikazwi sana na mashimo hayadhuru.

Boriti ya kwanza, aliyoipanga kama zile njiti, ilikuwa aibu. Aliichomelea upande mmoja wote bila kupumzika, na ilipopoa ikajikunja kama ukanda. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Ya pili aliichomelea kidogo huku, kidogo kule, akaacha ipoe, akaigeuza, akaendelea. Ikanyooka, lakini ilipowekewa mifuko ya saruji ililegea katikati. Hapo alikaa siku tatu akichora na kufuta sakafuni. Ya tatu akaipa mgongo kidogo, ukingo wa juu umeinuka katikati kwa upana wa vidole viwili, ili uzito wa zege uishushe hadi iwe sawa na isiende chini zaidi. Ndani yake aliingiza ulimi wa chuma unaovutwa nje chumba kinapokuwa kipana. Ulimi huo hakuukaza kwa skrubu, kwa kuwa alijua zege likishaingia katika meno yake, skrubu haifunguki tena. Aliukaza kwa kabari, inayogongwa na nyundo ikaingia, inayogongwa na nyundo ikatoka. Mwisho akaipasha moto na kuipaka mawese, yakakauka yakawa ngozi nyeusi ambayo mvua haikuipenya. Ilikuwa nyepesi kiasi cha watu wawili kuibeba begani wakipiga soga.

Injinia alikuja kuiona. Wafanyakazi walimwita Bwana Kalamu, kwa penseli mbili alizochomeka masikioni. Jina lake halisi silisemi mimi. Limeshasemwa vya kutosha. Aliamuru mifuko arobaini ya saruji ipangwe juu ya boriti, kisha watu sita wapande juu ya mifuko. Boriti ikashuka vidole viwili, ikanyooka, ikatulia. Bwana Kalamu akavua kofia.

"Waziri, hii wewe ulipata wapi?"

"Kwa kichwa, Bwana. Na kwa Basile, ule wa muguu."

"Bon. Nitaiandika kwa karatasi, nitaituma Ulaya. Jina yako itakwenda na karatasi."

Aliipima asubuhi nzima, kila chuma, kila pembe, na akachora yote. Alipomaliza alimpa Waziri penseli. Waziri akainama, akaandika chini ya mchoro, taratibu, herufi zimesimama: WAZIRI SALIBOKO. Jioni ile alimwambia Zaina kwamba jina la baba yake litapanda ndege. Zaina akakaanga ndizi za sherehe, akamwambia binti yao Sikujua asimsumbue baba yake leo.

Boriti kumi na mbili alizounda Waziri kwa mfano huo zilifanya kazi mwaka mmoja na nusu. Hakuna sakafu iliyotoka na kitambi. Hakuna aliyevunjika hata kidole. Bwana Kalamu akaenda likizo kwao, akarudi amenenepa. Kila Waziri alipouliza habari za karatasi, aliambiwa Ulaya ni mbali. Kweli, Ulaya ni mbali. Ila mimi sikujua kwamba ni mbali kiasi cha jina la mtu kupotelea njiani na mchoro wake ukafika salama.

Mwaka wa hamsini na sita meli ilishusha makasha makubwa. Ndani mlikuwa na boriti sitini, mpya, zimepakwa rangi ya kijivu: vyuma viwili sambamba, vyuma vifupi vikipanda na kushuka, mgongo wa vidole viwili, ulimi, kabari. Kila moja ilikuwa na kibati cha shaba, na juu ya kibati pamechongwa neno la Kifaransa la kusema "mtambo wa" na kufuatiwa na jina la Bwana Kalamu, jina zima, na la ukoo.

Basile, aliyekuwa amerudi kazini akichechemea, ndiye aliyemsomea Waziri vile vibati. Alivisoma vinne, vitano, akitafuta.

"Iko wapi yangu?" Waziri akauliza.

"Haiko, ndeko."

Waziri alishika boriti moja, akaipapasa mpaka mwisho, na mkono wake ukasimama. Mashimo. Manne. Matatu karibu karibu, la nne limejitenga umbali wa kiganja. Huko Ulaya walikuwa wamechukua chuma kipya, kisichowahi kuona behewa, wakakitoboa mashimo ya behewa la Ubundu, kwa sababu mchoro ulikuwa nayo na hakuna aliyejua ya nini. Waziri alicheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Wiki hiyo wakubwa walikuja kwa ndege kutoka makao makuu kuutazama mtambo. Wafanyakazi walipangwa mstari, wamefua nguo. Bwana Kalamu alieleza kwa Kifaransa, akionyesha kwa rula jinsi alivyolifikiria jambo hili miaka mingi. Waziri na mwenzake walikuwa wameshika boriti juu, kama watu walioshika kitambaa dukani. Mkubwa mmoja mwenye miwani akainama, akatia kidole katika shimo, akauliza la nini.

Bwana Kalamu hakusita hata kidogo. Akasema ni ya kutoa maji ya mvua.

Kifaransa hicho Waziri alikielewa. Miaka kumi karakanani inamtosha mtu kuelewa maji na mvua. Akaishusha boriti chini.

"Pardon, Monsieur. Maji haipite pale. Maji itapita kila fasi, kila pahali, chuma yote iko wazi! Hii mashimo ilikuwa ya wagon. Wagon ya Ubundu. Miye nilikuta mashimo kwa chuma, nikaiacha. Chuma yenu iko mupya. Alors, nani aliitoboa, na juu ya sababu gani?"

Hakungoja jibu. Alikwenda karakanani, akarudi na mojawapo ya zile kumi na mbili, nyeusi, imepigwa na zege la mwaka na nusu, akailaza kando ya ile ya kijivu. Basile akachukua msumari, akaupitisha katika shimo la kwanza la moja hadi la nyingine, kisha la pili, la tatu, la nne. Yote yalilingana.

Mkubwa mwenye miwani alizitazama boriti mbili, akamtazama Bwana Kalamu aliyekuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni, kwenye penseli zake. Alielewa. Naapa alielewa, hakuwa mjinga. Kisha akatazama saa, akasema jambo la chakula cha mchana, na wote wakaenda kula.

Kesho yake asubuhi Bwana Kalamu alikuja karakanani peke yake. Hakumtazama Waziri machoni.

"Waziri. Utaziba ile mashimo. Kwa boriti zote. Utasugua na tupa, isionekane."

Boriti sitini, mashimo manne manne. Mia mbili na arobaini. Waziri alivua kofia ya uso ya kuchomelea, akaiweka juu ya fuawe polepole, kwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni na yeye hakuwa mtu wa kuvunja mali ya wengine.

"Bwana, ulitosha jina yangu, uliitoa kwa karatasi, sikuona. Sasa unataka miye nimalizie kuifuta na mikono yangu mwenyewe. Ile, hapana. Tafuta mutu ingine."

Alifukuzwa kabla ya saa sita. Katika kitabu chake cha kazi waliandika kwamba ni mtu wa kiburi, asiyetii. Hapo jina lake walilijua sana: Waziri Saliboko, herufi zote, bila kukosea hata moja.

Alifungua kibanda cha kuchomelea huko mtaa wa Kabondo, nje ya nyumba yake. Basile akaja kufanya naye kazi. Walitengeneza milango, madirisha, vitanda, na baiskeli zilizovunjika. Na kila kilichotoka pale kilitoka na mashimo manne pembeni, matatu karibu karibu, la nne limejitenga.

Siku moja mama mmoja wa jirani, Gertrude, alikuja kuchukua lango lake. Alilipenda, akaligonga, akalitikisa, kisha akakunja uso.

"Papa Waziri, lango iko muzuri. Lakini hii mashimo iko ya nini? Ya maji?"

Waziri akaacha nyundo.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo iko jina yangu."